IL-2 au IL-15: ipi ya kukuzia seli T na seli NK?

Seli T na seli NK za binadamu, ambazo ni chembe nyeupe za kinga, zikitolewa kwenye damu na kuwekwa kwenye midia tupu, yaani maji ya virutubisho pekee, hazidumu. Zinahitaji saitokini, yaani protini ya ishara kati ya seli, ya kuziamuru ziishi na zigawanyike, na kwa kazi hiyo maabara nyingi huishia kuchagua kati ya mbili: interlukini 2 (IL-2) na interlukini 15 (IL-15). Zote huuzwa kama protini rekombinanti. Jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye bakteria au kwenye seli za mamalia, protini inayozalishwa husafishwa, kisha hukaushwa kwa baridi na kubaki unga mdogo unaoweza usiuone kabisa chini ya kichupa. Ukisoma karatasi za bidhaa, maelezo yanakaribia kuwa mapacha: huchochea seli T, huchochea seli NK, nguvu yake hupimwa kwa ukuaji wa seli za panya ziitwazo CTLL-2. Ni rahisi kudhani kinachotofautiana ni bei.

Kinachotofautiana hasa ni seli utakazozikuta kwenye sahani mwishoni. Kuuliza ipi ina nguvu zaidi hakukufikishi mbali, maana kwa dozi ya kutosha zote mbili zitakujazia sahani. Uliza unataka ijae seli za aina gani, na baada ya hapo utazifanyia nini.

## Zinapokutana na zinapoachana

IL-2 ndiyo kongwe. Mwaka 1976 Doris Morgan, Francis Ruscetti na Robert Gallo walieleza kwamba kiowevu kilichotoka kwenye limfosaiti zilizochochewa kiliweza kukuza seli T kutoka kwenye uboho wa binadamu, kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa imewashinda watafiti. Jeni yake ilipatikana mwaka 1983 kwa kazi ya Tadatsugu Taniguchi na wenzake nchini Japani, na hapo ndipo mlango wa kuitengeneza kwa wingi ulipofunguka. IL-15 ilikuja baadaye, mwaka 1994, kwa vikundi viwili vya Marekani vilivyoifikia kwa njia tofauti: kimoja katika kampuni ya Immunex mjini Seattle, kingine cha Thomas Waldmann katika Taasisi ya Taifa ya Saratani. Watu wa Immunex waliona seli CTLL-2 za panya, zilizozoeleka kama kipimo cha IL-2, zikiendelea kukua katika kiowevu ambacho hakikuwa na IL-2. Kumbe kulikuwa na protini nyingine inayotumia vipokezi vilevile.

Vipokezi hivyo ni viwili: mnyororo wa beta, CD122, na mnyororo wa gama, CD132. Saitokini zote mbili huvitumia, na ndani ya seli ishara hupita njia moja ya protini, kutoka JAK1 na JAK3 hadi STAT5. Ukizichochea seli kwa muda mfupi kisha ukapima STAT5 iliyotiwa fosfeti, usishangae matokeo yakifanana. Kipimo hicho kinathibitisha kwamba protini yako iko hai, lakini hakikusaidii kuchagua kati ya hizi mbili.

Zinaachana kwenye mnyororo wa tatu, alfa. IL-2 ina wake, CD25. IL-15 ina wake, IL-15Rα. CD25 ikiwa peke yake huishika IL-2 kwa ulegevu, kwenye mkolezo wa takriban nanomola 10, lakini ikiungana na beta na gama mshiko unakaza hadi karibu pikomola 10, yaani mara elfu moja zaidi. IL-15Rα haihitaji msaada huo. Peke yake huishika IL-15 kwenye mkolezo wa makumi ya pikomola. Na mwilini tabia zao hazifanani. IL-2 hutolewa na seli T zilizochochewa, ikaelea, ikachukuliwa na yeyote mwenye CD25. IL-15 kwa kawaida haielei ovyo: seli dendriti na monosaiti huishikilia juu ya IL-15Rα zao wenyewe na kuikabidhi kwa seli T au NK iliyo jirani, mkono kwa mkono.

Kwenye sahani unavunja utaratibu huo wa pili, kwa sababu unamimina IL-15 iliyo huru kwenye midia. Inafanya kazi, ila ni vizuri kujua kwamba kama umezisafisha seli zako hadi zikabaki NK tupu, hakuna wa kuikabidhi. Inabidi dozi yenyewe ifidie.

## Dozi, na mtego wa uniti

Hapa ndipo nimeona ulinganisho mwingi ukiharibika. Mtu anaweka IL-2 uniti 100 kwa mililita upande mmoja na IL-15 nanogramu 10 kwa mililita upande wa pili, halafu anaandika kwamba IL-15 "imeshinda". Amelinganisha nini na nini? Tuzigeuze zote ziwe kipimo kimoja kwanza.

Kwa dawa ya aldesleukini, ambayo ni IL-2 rekombinanti, uniti za kimataifa milioni 18 ni miligramu 1.1. Kwa hiyo nanogramu moja ni takriban uniti 16, na uniti 100 ni kama nanogramu 6. Sasa rudi kwenye vipokezi. Seli T iliyotulia, na sehemu kubwa ya seli NK za damu, zina beta na gama bila CD25 ya maana. Vipokezi vya namna hiyo hushika IL-2 au IL-15 kwenye mkolezo wa karibu nanomola 1. Kwa IL-2, yenye uzito wa kilodaltoni 15.5, hiyo ni kama nanogramu 15 kwa mililita, au uniti 250. Kwa IL-15 isiyo na sukari, yenye karibu kilodaltoni 13, ni nanogramu 13 kwa mililita. Lakini seli T iliyokwisha kuchochewa kwa kingamwili za CD3 na CD28 imejaa CD25, na pikomola 10 za IL-2 ni nanogramu 0.15 tu kwa mililita, uniti mbili na nusu.

Ukizitazama namba hizo, dozi zinazozunguka maabarani zinaanza kueleweka. Seli T zilizochochewa hukua vizuri kwa uniti 20 hadi 100 za IL-2; ziada iliyopo juu ya ile mbili na nusu ni akiba, kwa sababu seli zenye CD25 huila saitokini yenyewe na kuimaliza ndani ya siku mbili tatu. Seli NK hupewa mamia, hadi uniti 1000. Limfosaiti zinazotolewa ndani ya uvimbe wa saratani, kwa utaratibu uliojengwa na kikundi cha Steven Rosenberg, huanzia kwenye uniti 6000 kwa mililita na kuendelea na 3000 wakati wa kuzizidisha kwa haraka. IL-15 kwa kawaida hukaa kati ya nanogramu 5 na 20 kwa mililita, palepale hesabu ya nanomola moja inapoielekeza.

Mtego wenyewe sasa. Neno "uniti" peke yake halina maana moja. Ziko uniti za kimataifa, zilizofungwa kwenye sampuli ya rejea ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye makala za zamani ziko uniti za kampuni ya Cetus, na moja ya hizo ni sawa na uniti 6 za kimataifa. Na ziko uniti ambazo muuzaji amezikokotoa mwenyewe kutokana na kipimo chake: anachukua dozi inayoleta nusu ya ukuaji wa juu kabisa wa seli CTLL-2, kwa nanogramu kwa mililita, kisha anagawa milioni moja kwa namba hiyo. Kama nusu ya ukuaji ilipatikana kwenye nanogramu 0.1, karatasi itasema uniti milioni 10 kwa miligramu. Hizo si uniti za kimataifa mpaka muuzaji aseme alilinganisha na sampuli ya rejea. Ukifuata itifaki ya miaka ya themanini bila kuuliza ni uniti zipi, unaweza kukosea mara sita. Andika dozi kwa nanogramu kwenye daftari lako, uniti ziwe pembeni.

## Nani anashiba kwenye sahani

Panya waliozaliwa bila jeni ya IL-2 walitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Kama hii ndiyo saitokini ya kukuza seli T, ungedhani watapungukiwa nazo. Badala yake waliugua magonjwa ya kinga kuushambulia mwili wao wenyewe, yakiwemo ya utumbo mpana kuvimba. Walichopungukiwa ni seli T za udhibiti, zile zinazoizuia kinga isipitilize, ambazo siku zote zina CD25 nyingi na hutegemea IL-2. Panya wasio na IL-15 walikuwa kinyume: walikosa seli NK, na seli T za kuua (zenye alama CD8) za kumbukumbu zilipungua.

Hadithi hiyohiyo hujirudia kwenye sahani, kwa sauti ndogo zaidi. Ukichukua seli za damu zilizochanganyika na kuziwekea IL-2 kidogo, wa kwanza kushiba ni wenye CD25 nyingi, zikiwemo seli za udhibiti. Ukiongeza dozi, na wengine wanapata, ila zile za udhibiti hazikuondoka. IL-15 haiziui, nazo zina beta na gama, kwa hiyo zinaweza kuitumia. Kinachobadilika ni kwamba zimenyimwa upendeleo. Usitegemee IL-15 pekee kuziondoa. Kama zinakusumbua, zitenge kwanza kwa kuondoa seli zenye CD25 siku ya mwanzo.

Tofauti ya pili ni umri wa seli. IL-2 nyingi kwa muda mrefu husukuma seli T za CD8 kuwa askari kamili: wakubwa, wakali, wepesi wa kuua, na wepesi wa kufa pia. IL-2 hushiriki moja kwa moja katika kuziandaa seli zilizochochewa zife zinapochochewa tena, wakati IL-15 huelekea kuzikinga dhidi ya kifo hicho. Ndiyo maana walio kwenye kazi ya seli T zenye kipokezi cha kutengenezwa (CAR-T) wamehamia kwa wingi kwenye IL-15 ikiambatana na saitokini nyingine, IL-7. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Blood ulionyesha kwamba IL-7 na IL-15 pamoja ziliweza kuzalisha, kutoka kwenye seli T changa, seli za kumbukumbu zenye tabia ya seli shina. Kama seli zako zitadungwa kwenye panya na unataka kuziona bado zipo wiki nyingi baadaye, hoja hii ina uzito kuliko kasi ya kuzidisha idadi.

Kwa seli NK mambo hayako wazi kiasi hicho. Zote mbili huzifanya ziue vizuri. IL-15 huzitunza hai vizuri hata bila kuzifanya zigawanyike sana, na kwa jaribio fupi la siku moja hadi tatu, ambapo unataka tu NK za mfadhili, yaani mtu aliyetoa damu, ziwe macho, mimi ningeichukua bila kusita. Kwa muda mrefu kuna tahadhari. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba seli NK za binadamu zilizopewa IL-15 mfululizo zilichoka, zikadhoofika katika uchakataji wa nishati, na zile zilizopumzishwa katikati zilibaki na nguvu zaidi. Kwa hiyo kuiweka kila mara midia inapobadilishwa, kwa wiki kadhaa, eti kwa sababu "IL-15 ni nzuri kwa NK", si busara.

Laini ya seli NK-92 ina sheria yake: ililelewa kwa IL-2 na inaitegemea. Ukitaka kuibadilishia, ibadilishe polepole na uwe na akiba iliyogandishwa, la sivyo matokeo yako hayatalingana na ya mtu mwingine yeyote.

## Usichoweza kukipima tena

Hili husahaulika mpaka siku ya kusoma sahani ya ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili kujua kiasi cha protini. Ukizikuza seli T kwa IL-2, huwezi tena kupima ni IL-2 kiasi gani zimetoa zenyewe, maana kipimo hakitofautishi ya kwako na ya kwao. Inabidi uzioshe, uziache bila saitokini kwa saa kadhaa au usiku mzima, ndipo uzichochee. Kuosha kwenyewe hakuiondoi yote, kwani iliyoshikwa kwenye vipokezi kamili vyenye CD25 inaachia taratibu. Ukitumia IL-15, kipimo cha IL-2 kinabaki safi. Kwa yeyote anayepima utendaji wa seli T kwa IL-2 pamoja na saitokini nyingine mbili, interferoni gama na TNF, sababu hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

CD25 nayo hubadilika. IL-2 yenyewe huipandisha, kwa hiyo ukiitumia CD25 kama alama ya seli iliyochochewa, utakuwa unasoma chakula ulichoziwekea. Na CD122 huzama ndani ya seli pamoja na saitokini iliyoishika, kisha huonekana kupungua kwa muda baada ya dozi yoyote kati ya hizi mbili.

## Iliyotoka kwenye bakteria au kwenye seli za mamalia?

Ukishachagua saitokini, katalogi inakuuliza swali la pili. Bakteria E. coli hutengeneza protini kwa bei nafuu na kwa wingi, lakini haiivalishi sukari, mara nyingi huikusanya kwenye mabonge yanayolazimika kuyeyushwa na kukunjwa upya, na inaweza kuiachia metionini ya ziada mwanzoni. Seli za mamalia kama HEK293 au CHO huivalisha sukari na kuikunja zenyewe, na bei hupanda.

Kwa IL-2 sioni sababu ya kulipa zaidi. Ina asidi amino 133, daraja moja la salfa kati ya sisteini ya 58 na ya 105, na sukari yake hukaa kwenye threonini ya 3, mbali na kazi. Aldesleukini imetengenezwa kwa E. coli, haina sukari, haina alanini ya kwanza, na sisteini ya 125 imebadilishwa kuwa serini ili isiunge daraja lisilotakiwa. Hiyohiyo ndiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Kama toleo lisilo na sukari limetosha kwa mgonjwa, litatosha kwa sahani yako. Cha kuuliza ni kama toleo unalonunua lina sisteini au serini kwenye nafasi ya 125. Lenye serini hutulia zaidi likikaa kwenye maji.

IL-15 inastahili mawazo zaidi. Ina asidi amino 114 na madaraja mawili ya salfa, kwa hiyo kuikunja upya ni kazi nyeti zaidi. Asparajini ya nafasi ya 77 huelekea kubadilika yenyewe na kuwa asidi, jambo lililochunguzwa kwa makini kwenye IL-15 ya E. coli, na joto na bafa yenye pH ya juu huliharakisha. Ya mamalia huvaa sukari kwenye asparajini ya 79, huonekana nzito na pana kwenye jeli, na uzito huo wa ziada unamaanisha kwamba nanogramu 10 zake zina molekuli chache kuliko nanogramu 10 za E. coli. Kwa kukuza seli kwenye chupa, ya E. coli iliyohifadhiwa vizuri inatosha. Ningeiendea ya mamalia kama naipima kama rejea ya ELISA dhidi ya IL-15 iliyotoka kwenye sampuli za watu, au kama swali langu linahusu umbo lake la asili.

Kuna pia toleo ambalo IL-15 imeunganishwa na sehemu ya IL-15Rα, likiiga ule ukabidhi wa mkono kwa mkono. Wazo hilo limefika mbali: mchanganyiko wa namna hiyo, uitwao nogapendekini alfa inbakisepti, wenye badiliko moja kwenye nafasi ya 72 ya IL-15, uliidhinishwa Marekani mwaka 2024 kutumika pamoja na BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, kwa saratani ya kibofu. Kwa maabara, tahadhari ni moja tu: usihamishe dozi nanogramu kwa nanogramu. Molekuli ni nyingine, uzito ni mwingine, na nguvu ni nyingine.

Lebo za kusafishia, kama ile ya histidini sita, hazina shida ikiwa mwuzaji ameonyesha kipimo cha uhai wa kundi hilohilo unalonunua. Lakini kwenye saitokini zote mbili, glutamini inayogusa mnyororo wa gama iko karibu na mkia, ya 126 kwa IL-2 na ya 108 kwa IL-15. Lebo iliyofungwa mkiani bila ushahidi wa uhai mimi naiogopa.

## Endotoksini: fanya hesabu kabla ya kuogopa

Karatasi moja ya bidhaa itasema endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria, iko chini ya EU 1 (EU ni uniti ya endotoksini) kwa mikrogramu, nyingine chini ya 0.1. Ya pili ni safi mara kumi na kwa kawaida ni ghali zaidi. Je, inafaa? Inategemea dozi. Kwa IL-15 nanogramu 10 kwa mililita, hata ile ya EU 1 inakuletea EU 0.01 kwa mililita, sawa na takriban pikogramu 1 ya endotoksini. Midia na seramu yako huenda vina zaidi ya hapo. Sasa chukua IL-2 uniti 3000: hiyo ni nanogramu 180 hivi kwa mililita, na endotoksini inapanda hadi EU 0.18, karibu pikogramu 18. Monosaiti ni nyepesi mno kuhisi endotoksini na zinaweza kuitikia kiasi cha namna hiyo kwa kutoa TNF na IL-6, nawe ukaandika kwamba ni kazi ya IL-2.

Kwa hiyo usafi wa juu una maana zaidi kwa mtumiaji wa IL-2 nyingi kwenye seli zilizochanganyika, na kwa yeyote anayedunga panya. Kwa seli T zilizotengwa safi na dozi ndogo, weka fedha hizo kwenye kitu kingine.

## Albumini, kuyeyusha na friza

Zote mbili hupatikana zikiwa na albumini ya kuzibeba, mara nyingi mara 50 ya uzito wa saitokini, au bila. Yenye albumini hudumu vizuri kwenye friza na hainati kwenye plastiki. Isiyo na albumini ni ya lazima ukitaka kuitia rangi, kuibandika kwenye sahani au kuipima kwa spektrometa ya masi. Kwa kukuza seli tu, chukua yenye albumini, au uiongeze mwenyewe hadi asilimia 0.1 unapogawa.

IL-2 hupenda kunata kwenye plastiki na kujikusanya, hasa ikiwa kidogo kwenye maji yenye chumvi. Baadhi ya matoleo huelekezwa yayeyushwe kwanza kwa asidi ya asetiki iliyopunguzwa. Fuata karatasi ya kichupa chako, usifuate ya jirani. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, usikitikise kwa nguvu, gawa dozi ndogondogo mara moja, na usigandishe tena kilichokwisha yeyuka.

## Kwa kazi ipi, ipi

Kukuza seli T zilizochochewa kwa wiki moja au mbili ili kutoa DNA, kujaribu uhariri wa jeni au kufundishia wanafunzi: IL-2, uniti 50 hadi 100, ya E. coli. Imeandikwa kila mahali na itifaki zake zinajulikana. Kukuza seli za udhibiti: IL-2, dozi ya juu, hakuna mjadala. Limfosaiti za ndani ya uvimbe kwa utaratibu uliozoeleka: IL-2 pia, hata kama baadaye utajaribu kuongeza IL-15.

Seli T zitakazoishi ndani ya panya, au unazotaka zibaki changa: IL-15 na IL-7. Seli NK za damu kwa jaribio fupi: IL-15. NK kwa wiki kadhaa: zote mbili huweza, wengi huanza na IL-2 nyingi wakaongeza IL-15 kidogo, na hapo ningepima uwezo wa kuua kila wiki badala ya kuhesabu seli peke yake. Panya waliopandikizwa kinga ya binadamu: IL-15 ya binadamu, kwa sababu ile ya panya huzisaidia seli NK za binadamu kwa shida. Kinyume chake hakina tatizo; IL-2 na IL-15 za binadamu zote hufanya kazi kwenye seli za panya, ndiyo maana CTLL-2 zinaweza kuzipima.

Na kama bado hujaamua, usinunue kichupa kikubwa. Chukua vidogo viwili, damu ya wafadhili wasiopungua watatu, na uweke sahani nne: IL-2 kwa nanogramu 3, IL-2 kwa nanogramu 15, IL-15 kwa nanogramu 13, na moja isiyo na kitu. Nanogramu 15 na 13 zinalingana kwa idadi ya molekuli, kwa hiyo huo ndio ulinganisho wa haki. Siku ya saba na ya kumi na nne, hesabu seli, kisha tia rangi CD4 na CD8 (seli T), CD56 (seli NK), CD25 na FOXP3 (seli za udhibiti), CD45RA na CCR7 (uchanga wa seli). FOXP3 isome kwa tahadhari, kwani seli T za kawaida za binadamu zikichochewa huionyesha kwa muda. Osha, ziache bila saitokini usiku kucha, zichochee, upime interferoni gama. Wafadhili watatofautiana kuliko utakavyopenda. Kama tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya saitokini, nunua iliyo nafuu.